Choya: Wekundu Wake Siyo Damu

Wasomaji wetu, wengi wenu mnaifahamu choya, ambayo wengine huiita rozela. Ni mmea wa jamii moja na bamia na pamba, hukua hata kumpita mtu kimo. Ua lake lina rangi ya njano hafifu na doa la wekundu mzito katikati, nalo hudumu siku moja tu. Sokoni tunauziwa "maua ya choya", lakini ua lenyewe hatulili. Likisha kuanguka, kile kikombe kilicholishika hunenepa, huwa chekundu na kulizunguka tunda lenye mbegu. Hicho ndicho tunachokichuma, kukikausha na kukichemsha kuwa juisi. Majani machanga nayo ni mboga yenye uchachu mzuri, na ni hasara kuyaacha shambani.

Kwa sababu ya uchachu huo, msiichemshe katika sufuria ya aluminiamu, maana asidi huila. Sufuria ya enameli au chungu vinafaa. Na sukari iwe kidogo!

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia wasiwasi. Akina mama wajawazito huambiwa, "Kunywa choya, inaongeza damu." Wekundu wa choya watokana na rangi ya mmea iitwayo anthosianini. Haihusiani na damu, wala siyo dalili ya madini ya chuma. Mama aliyepungukiwa damu huchoka upesi, moyo humwenda mbio, na ndani ya kope huwa mweupe. Huenda ana malaria au minyoo ya safura, na mambo hayo hayatibiwi kwa juisi. Apimwe damu zahanati, ameze vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki, ale dagaa, maharage na mboga za majani. Akipenda kunywa choya kila siku, amwulize kwanza mwuguzi.

Kuhusu shinikizo la damu, habari ni tofauti kidogo. Uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kwamba choya yaweza kulishusha kwa kiasi. Hata hivyo, kiasi hicho hakitoshi kumfanya mgonjwa aache dawa zake. Anayezimeza na huku anakunywa choya nyingi amweleze daktari, kwani shinikizo laweza kushuka kupita kiasi akapata kizunguzungu.