Gari la Rimoti Limerudishwa? Usilitupe, Cheki Mota Kwanza

Kama unauza vitu vya watoto mtandaoni, ujumbe huu unaujua: "Boss, lile gari haliendi tena." Ukirudisha hela, faida imeondoka. Ukikataa, mteja anakusema kwenye magrupu. Wengi tunarudisha hela, halafu gari linatupwa kwenye boksi la vitu vibovu. Ndugu yangu, hilo boksi ni mtaji umelala.

Magari mengi ya kuchezea ya bei ya chini yanatumia mota ndogo ya brashi. Hizo brashi ni vibati vya shaba au vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka ndani ya mota ili kuipa umeme. Kwa kuwa zinasuguana muda wote, zinalika. Kwa hiyo mota kufa ni kitu cha kawaida, na haina maana gari zima limekufa.

HAKIKISHA NI MOTA KWELI

1. Anza na betri. Weka nyingine iliyojaa chaji, za gari na za rimoti.

2. Mota inasikika inazunguka lakini tairi hazitembei? Mota ni nzima. Mara nyingi kile kigia kidogo kwenye shafti kimepasuka na kinateleza.

3. Gari haliondoki mpaka ulisukume kidogo kwa kidole? Hapo brashi zimeisha, au waya mmoja wa ndani ya mota umeungua.

4. Kipimo cha mwisho: toa mota, iunge moja kwa moja kwenye betri mbili za AA. Ikizunguka vizuri, tatizo liko kwenye bodi au waya. Isipozunguka kabisa, umeshampata mgonjwa.

TAFUTA KILICHOIUA

Hapa ndipo wengi wanaparuka. Mota ikizuiwa kuzunguka huku umeme unaingia, inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, inachemka na kuungua. Kinachozuia ni nywele, nyuzi za kapeti au mchanga uliojisokota kwenye ekseli na gia. Mota ikiwa nje, zungusha tairi kwa mkono. Zinatakiwa ziende laini. Zikikwama, safisha, angalia meno ya gia, weka grisi kidogo isiyokula plastiki. Ukiruka hatua hii, mota mpya nayo itaungua, na mteja atarudi mara ya pili akiwa na hasira zaidi.

NUNUA KWA VIPIMO, SIO KWA JINA LA GARI

Ukifika dukani ukasema "naomba mota ya gari la polisi", utauziwa yoyote. Mjue hivi:

• Saizi. Mota ya 130 ni bapa pande mbili: urefu kama mm 25, upana 20, unene 15. Ya 370 ni ya mviringo, kipenyo kama mm 24 na urefu 31. Ya 380 ni kubwa kidogo, kipenyo kama mm 28 na urefu 38. Pima kopo la chuma tu, bila shafti.

• Volti. Mota mbili za 130 zinaweza kufanana kwa nje, moja ya volti 3 na nyingine ya volti 6. Soma betri ya gari: seli moja ya lithiamu ni volti 3.7, mbili zilizofuatana ni 7.4, na AA nne za kuchaji ni 4.8.

• Shafti. Pima unene wake na urefu uliotokeza nje.

• Kigia. Hesabu meno. Kikiwa kimepasuka usikigundishe, hakitadumu. Tafuta mota inayokuja na kigia chenye meno yale yale.

Njia rahisi: nenda na mota ya zamani mkononi, au ipige picha ikiwa juu ya rula umtumie muuzaji. Na usishawishike na mota "yenye nguvu zaidi". Inaweza kuvuta umeme ambao bodi ya gari haiuwezi, ukaunguza na bodi.

KUFUNGA

Piga picha waya kabla ya kuzitoa. Ukikuta kitu kidogo kama punje kimeandikwa 104 kwenye miguu ya mota, hicho ni kapasita. Kihamishie kwenye mota mpya, maana kinapunguza kelele za umeme zinazovuruga rimoti. Chomelea risasi haraka, joto likikaa sana plastiki ya nyuma ya mota inayeyuka. Ukibonyeza mbele gari likarudi nyuma, geuza tu waya mbili za mota. Lijaribu chini sakafuni dakika chache, kisha shika mota: ikiwa ya moto sana, bado kuna kitu kinakwama.

PIGA HESABU

Tufanye mfano. Gari umenunua 30,000, umeuza 45,000. Mota na fundi vimekula 6,000. Ukimtengenezea mteja huyo huyo, bado una faida ya 9,000 na mteja umebaki naye. Ukirudisha hela, 30,000 yako iko kwenye boksi. Bei za kwako zitakuwa tofauti, lakini piga hesabu hiyo kabla ya kurudisha hata shilingi.

Kama mteja ameshachukua hela yake, gari ulilotengeneza usiliuze kama jipya. Andika wazi "limebadilishwa mota", weka video likitembea, punguza bei. Watu wananunua. Wasichosamehe ni kugundua wenyewe.

Kila unayemuuzia gari mpe maneno mawili: lisiendeshwe kwenye mchanga wala kapeti la manyoya, na likikwama aachie rimoti mara moja.

Na ukiagiza mzigo ujao, muulize muuzaji kama anazo mota za modeli hiyo hiyo, uchukue chache za akiba. Zitakuja na vipimo sahihi, hutazunguka madukani na rula.

Kwenye boksi lako yamelala magari mangapi? Tuambie kwenye komenti, na mtumie mwenzako anayeuza vitu vya watoto.