Neno stop: kutoka kizibo hadi kituo

Nilipokuwa mwaka wa pili hapa Kasapa, muuguzi wa kituo kimoja cha afya aliniomba nimfasirie karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Karatasi ilitoka upande wa Zambia, kwa Kiingereza. Sentensi moja ilisema: Do not stop when you feel better. Niliandika haraka: "Usisimame ukijisikia vizuri." Kesho yake muuguzi aliisoma mbele ya wagonjwa, nami nimekaa pembeni nikiona fahari. Mama mmoja mzee akanigeukia: "Mutoto yangu, sasa nikijisikia muzuri, nibakie mu kitanda?"

Watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa za miezi sita, mara nyingine zaidi. Mgonjwa huweza kupata nafuu baada ya wiki chache tu, na akiacha dawa wakati huo, ugonjwa unaweza kumrudia ukiwa sugu. Kwa hiyo sentensi niliyoiharibu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Tuliisahihisha palepale kwa kalamu: "Usiache kunywa dawa hata ukijisikia vizuri." Tangu siku hiyo nimelifuatilia neno stop, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katika Kiingereza cha kale neno hili halikuhusu kusimama, bali kuziba. Linaonekana katika umbo forstoppian, ndani ya maandishi ya tiba ya miaka kama elfu moja iliyopita, mahali panapoelezwa namna ya kuziba sikio kwa sufu. Wataalamu wengi hulihusisha na Kilatini stuppa, yaani mabaki ya nyuzi za kitani au katani yaliyotumika kuziba matundu na nyufa. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunamjua ndugu yake: étoupe, pamoja na kitenzi étouper. Waholanzi wana stoppen, Wajerumani wana stopfen.

Namna maana ilivyohama si vigumu kuiona. Ukiziba tundu la mtungi, maji hayatoki tena. Kutoka kuziba tundu, neno likaenda kwenye kuzuia kinachopita, kisha kwenye kukoma kwa mwendo wowote. Kufikia karne ya 15, Waingereza walikuwa wakilitumia hivyo. Hatua hiyo ya mwisho ilitokea katika Kiingereza. Lugha nyingine ziliazima maana hiyo baadaye. Hata Kifaransa, ambacho kilikuwa na étoupe nyumbani kwake, kilichukua stop kutoka kwa Waingereza, na ndilo tunalolisoma kwenye vibao vyekundu vya barabarani. Watu wa Québec ndio walioandika ARRÊT.

Maana ya kwanza haikufa. Kizibo cha chupa bado huitwa stopper. Katika fonetiki, sauti kama p, t na k huitwa stops, kwa sababu hewa huzibwa kabisa kinywani kabla ya kuachiliwa. Kifaransa huziita occlusives, nacho kinatazama kule kuziba. Vitabu vya Kiswahili huziita vipasuo, kwa kutazama ule mpasuko hewa inapotoka. Sauti ni zilezile, ila Mwingereza na Mfaransa wameutazama mlango ukifungwa, nasi tumeutazama ukifunguliwa.

Turudi sasa kwenye kosa langu. Kiingereza kimerundika kazi nyingi juu ya neno moja, Kiswahili kimezigawa. Gari husimama, na saa mbovu husimama. Mtu huacha kuvuta sigara. Mvua hukoma au hukatika. Askari humzuia mwizi. Fundi huziba bomba linalovuja. Na Mwingereza anayesema anastop nyumbani kwa shangazi yake, huyo anakaa tu kwa siku chache. Mwanafunzi aliyekariri kwamba stop ni kusimama atapatia mara moja na kukosea mara tano.

Sarufi ya Kiingereza yenyewe husaidia, tukiisoma kwa makini. He stopped to talk ni kwamba alisimama ili azungumze. He stopped talking ni kwamba aliacha kuzungumza. Kinachofuata kitenzi ndicho kinachoamua. Katika karatasi ya yule muuguzi hakukuwa na chochote kilichofuata: neno dawa lilikuwa limebaki katika sentensi ya juu, nami sikupanda kuliangalia. Kwa kuwa kusimama kwetu ni pia kuinuka kwa miguu, mama yule alisikia kile nilichokiandika hasa. Yeye hakukosea.

Kuna neno letu moja ambalo nalipenda kuliweka kando ya stop. Mahali basi linaposimama panaitwa kituo, na kituo kinatokana na kutua. Kutua ni kushusha mzigo, kama walivyofanya wapagazi wa misafara. Njia zao zilifika hata huku kwetu, hadi Bunkeya kwa Msiri, ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi. Hata alama inayofunga sentensi, ambayo Mwingereza huiita full stop, sisi huweza kuiita kituo, pamoja na jina lake lililozoeleka zaidi, nukta. Kwa Mwingereza, sentensi imezibwa. Kwetu, msemaji ametua mzigo.

Wenzangu wa idara ya Kiingereza, tukiletewa karatasi ya kufasiri, tusitafute kwanza neno la Kiswahili lililo sawa na stop. Tuulize ni kitu gani kinachokoma, nani anayekikomesha, na msikilizaji atafanya nini baada ya kutusikia. Kisha tumsomee mtu mmoja kwa sauti kabla karatasi haijatoka mikononi mwetu. Mimi sikufanya hivyo, na bahati yangu ni kwamba mama yule aliuliza. Wengi hawaulizi, hurudi nyumbani na kufanya walivyosikia.