Hedhi ikiruka miezi, msikimbilie kumlaumu mama

Katika kaya nyingi, za Nanyala na kwingineko, mke akichelewa kushika mimba maneno huanza. Ataambiwa karogwa au ni mgumba, na mume atashauriwa aoe mwingine. Kumbe huenda ana ugonjwa unaojulikana na unaodhibitika.

Ni ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa. Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwakuta nao baadhi ya wanawake waliofika hospitali ya rufaa kwa kukosa mtoto. Dalili zake ni hedhi kuruka miezi, chunusi sugu na ndevu kuota kidevuni. Vifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa, bali vina mayai yasiyokomaa.

Ukijikata, kidonda huvimba na kupata moto. Hiyo ni kinga ya mwili ikifanya kazi, kisha hutulia. Kwa wengi wenye ugonjwa huu kinga haitulii. Hubaki ikiwaka kidogo kidogo bila maumivu, na vipimo vya damu huonesha hivyo. Moto huo huufanya mwili usiitii vizuri insulini, homoni inayosimamia sukari. Insulini ikizidi, ovari hutoa homoni za kiume kupita kiasi na yai halipevuki. Mafuta ya tumboni huchochea zaidi, ingawa hata wembamba huugua.

Je, ufanye nini? Punguza soda, sukari na sembe. Kula dona, maharage, mboga za majani na parachichi. Tembea kwa haraka nusu saa kila siku. Mama mnene wa kilo 90 akipungua kilo 5 tu, hedhi yaweza kurejea.

Ukikosa hedhi miezi 3 na huna mimba, nenda hospitali, hata kama hutafuti mtoto. Ugonjwa huu ukiachwa huongeza hatari ya kisukari na saratani ya mji wa mimba. Dawa za kurekebisha hedhi na kupevusha yai zipo.

Nawe baba, fuatana na mkeo ukapimwe mbegu. Usitamke talaka kwa jambo ambalo hamjalipima.