Mzazi Kando ya Uwanja: Msaada au Mzigo kwa Mtoto?

Muhula wa michezo ukifika, wazazi wengi huacha shamba au kufunga duka ili waje shuleni kuwatazama watoto wao. Hilo ni jambo jema na tunawapongeza. Mtoto akimwona mzazi wake uwanjani, hupata nguvu. Lakini sisi tunaofanya kazi na familia tumeona pia upande wa pili. Tumeona mzazi akiingia uwanjani kumkabili refa. Tumesikia mtoto wa gredi ya sita akitukanwa mbele ya wenzake, eti kwa sababu amekosa penalti. Tumekutana na watoto wenye kipaji ambao sasa hawataki hata kuuona mpira. Ukiwauliza sababu, hawasemi mwalimu ni mkali. Wanasema, "Naogopa baba akija."

Kwa hivyo tuzungumze wazi, wazazi wenzetu.

Hasira hutoka wapi?

Mara nyingi haitokani na ubaya wa moyo bali na matumaini. Tangu Kipchoge Keino alete medali ya dhahabu kutoka Mexico mwaka wa 1968, familia nyingi nchini zimejua kwamba miguu ya mtoto yaweza kuinua nyumba nzima. Kijana hodari anaweza kupunguziwa karo, kuajiriwa katika polisi au jeshi, au kupata nafasi ya kusoma Marekani. Basi refa akipuliza vibaya, mzazi haoni kosa la mchezo tu. Anaona karo inapotea.

Tunaelewa. Lakini tukumbuke safari yenyewe: kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, eneo, halafu taifa. Kila ngazi wengi hubaki nyuma. Kwa watoto walio wengi, faida ya michezo haitakuwa pesa. Itakuwa afya, urafiki, nidhamu, na kujua kuanguka na kuinuka tena. Mzazi anayepiga kelele huharibu faida hiyo ya hakika kwa kukimbilia ile ambayo huenda isije.

Mtoto husikia nini?

Mwalimu anasema, "Toa pasi!" Baba anaita, "Piga wewe mwenyewe!" Mjomba naye, "Rudi nyuma!" Mtoto ana miguu miwili na sekunde moja. Afuate nani? Mara nyingi husimama tu na mpira unachukuliwa. Halafu analaumiwa.

Tuchukue mfano wa familia ya Rudisha. Mzee Daniel Rudisha alikuwa katika timu yetu iliyopata medali ya fedha Mexico 1968, mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne. Alijua mbio. Hata hivyo, mwanawe David alifunzwa na Brother Colm O'Connell wa Iten, na mwaka wa 2012 huko London akaweka rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1 na sekunde 40.91. Ikiwa mwana wa mwenye medali alikuwa na kocha wake, je, sisi ambao hatukuwahi kukimbia hata zoni?

Umri wa uongo na dawa za nguvu

Hapa hatuwezi kunyamaza. Kuna wazazi wanaokubali umri wa mtoto upunguzwe ili acheze na wadogo, au aandikishwe kama mamluki katika shule asiyosoma. Matokeo ni nini? Mtoto mdogo huumizwa na kijana mkubwa. Mwingine aliyestahili hukosa nafasi. Shule ikigunduliwa, timu nzima hupoteza ushindi. Naye kijana hubeba uongo huo hadi siku ya kuchukua kitambulisho au pasipoti, wakati makaratasi yanapokataa kupatana.

Kadhalika, msikubali mtoto apewe vidonge au sindano ya "kuongeza pumzi". Tangu 2016 tuna sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli, na shirika la ADAK la kuisimamia. Mwanariadha ndiye hujibu kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alipewa na mtu mwingine.

Ushindi wa namna nyingine

Desemba 2012, katika mbio za nyika huko Navarra, Uhispania, Mkenya Abel Mutai alikuwa akiongoza. Akadhani amemaliza, akapunguza mwendo mita chache kabla ya mstari. Mhispania Iván Fernández Anaya aliyekuwa nyuma yake angeweza kumpita. Hakumpita. Alimwonyesha kwa ishara aendelee, akabaki wa pili. Watu wengi duniani wanamkumbuka huyo wa pili. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mzazi afanye nini?

1. Shangilia juhudi, na upigie makofi hata mchezo mzuri wa timu ile nyingine. Hao nao wana mama zao.

2. Mwachie mwalimu kazi ya kufunza na refa kazi ya kuamua. Ukiwa na lalamiko, mwone mwalimu wa michezo baada ya mchezo, hasira ikiisha. Yeye ndiye anayejua njia ya rufaa.

3. Njiani kurudi nyumbani, usianze kuhesabu makosa. Mpe mtoto maji na chakula. Muulize, "Umefurahia nini leo?" Kisha sikiliza.

4. Usimpige wala kumnyima chakula kwa sababu ameshindwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa kila aina.

5. Mtoto akisema mguu unauma, mwamini. Apumzike, apelekwe zahanati. Fainali moja haifai kumtia kilema.

6. Wasichana nao wapewe nafasi. Msichana akirudi kutoka mazoezini, kazi ya maji na jikoni igawanywe na kaka zake.

7. Usije uwanjani ukiwa umelewa.

Tunapendekeza jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao wa wazazi. Kubalianeni kanuni chache, ziandikwe na zibandikwe langoni siku ya mashindano. Chagueni wazazi wawili wanaoheshimiwa, mama mmoja na baba mmoja, wa kusimama kando ya uwanja na kumvuta polepole mwenzao anayepandwa na hasira. Hilo halihitaji pesa wala mfadhili. Linahitaji sisi watu wazima tukubaliane kwamba siku hiyo wanaocheza ni watoto.