Motokaa ya Fahari Iliyokwisha Tembea Sana: Mambo ya Kutazamwa Kabla ya Kuinunua

Wazee wetu walisema kizuri hakikosi ila. Neno hili lamfaa sana mtu anayekusudia kununua motokaa kubwa ya fahari iliyokwisha kutumika. Motokaa hizi zilipokuwa mpya bei zake zilikuwa za matajiri. Zikisha pita miaka kumi na mitano na kutembea kilomita 200,000, bei zake hushuka mpaka zikamfikia mwalimu, karani na mwenye duka dogo. Hapo ndipo wengi huingia mashakani, kwani bei ya gari imeshuka, lakini bei ya spea haikushuka. Aliyenunua kwa bei ya maskini atatengeneza kwa bei ya tajiri.

Wala fedha hizo aghalabu si za mtu mmoja. Ni akiba ya nyumba nzima: karo za watoto, thamani ya kiwanja kilichouzwa, au fungu la kumwoza kijana. Kwa hiyo jambo hili lastahili kufikiriwa kwa utulivu.

Ili maneno yetu yasiwe ya jumla mno, tutatoa mfano wa gari moja ijulikanayo katika njia zetu, nayo ni Land Rover Discovery 3 ya dizeli. Gari hii ilitengenezwa Uingereza tangu 2004 hata 2009, kisha ikafuatwa na Discovery 4 iliyoendelea mpaka 2016. Range Rover Sport ya miaka hiyo ni ndugu yake kwa ujenzi, na mengi tutakayoyasema yaihusu nayo pia.

La kwanza ni khabari ya mwendo. Gari zilizotoka Uingereza huhesabu maili, si kilomita. Mnunuzi akiona 100,000 katika mita akadhani ni kilomita, amekosea kwa zaidi ya nusu, kwani maili 100,000 ni karibu kilomita 161,000. Tena mita yaweza kurudishwa nyuma na mtu asiyemcha Mungu. Dawa yake ipo. Katika Uingereza gari iliyopita miaka ya mwanzo hukaguliwa kila mwaka, na mwendo wake huandikwa. Serikali ya huko imeziweka khabari za ukaguzi wa tangu 2005 katika intaneti, na kila mtu aweza kuzisoma bila ya malipo. Kinachohitajiwa ni namba ya usajili iliyokuwa nayo gari huko. Basi mwombe muuzaji namba hiyo, kisha linganisha. Tazama pia pedali, usukani na kiti cha dereva; vikiwa vimechakaa sana na mita yasema mwendo mdogo, kimoja katika hivyo chasema uwongo.

La pili ni injini. Fika asubuhi, na kabla ya kuwashwa gari weka mkono juu ya boneti. Ikiwa na moto, ujue imewashwa kabla hujafika, na huenda kuna sauti iliyokuwa ikifichwa. Injini hii ya lita 2.7 ina mikanda miwili: wa mbele huzungusha sehemu zinazofungua na kufunga vali, na wa nyuma huzungusha pampu ya dizeli. Huko Uingereza mtengenezaji aliagiza ibadilishwe kwa maili 105,000 au miaka 7, lolote litakalotangulia. Katika vumbi na joto letu, si vyema kungoja mpaka hapo. Mkanda wa mbele ukikatika, vali na pistoni hugongana, na injini huharibika. Katika injini za miaka ya mwanzo yako pia maradhi ya pampu ya oili: sehemu yake inayoshika kikazio cha mkanda huweza kupasuka. Kwa hiyo mafundi wenye maarifa huibadilisha pampu hiyo pamoja na mkanda. Usikubali neno la mdomo kwamba kazi imefanywa, taka risiti.

Injini hizi zimejulikana pia kwa kuvunjika krenki au kukwama beringi zake. Jambo hili halitokei kwa kila gari, lakini likitokea, aghalabu hutakiwa injini nyingine. Ulinzi wa mnunuzi ni kuona kwa maandishi kwamba oili ilibadilishwa mara kwa mara. Gari isiyo na khabari za oili yake, iache hata ikiwa inang'aa.

La tatu ni hewa. Discovery nyingi hazikukaa juu ya springi za chuma bali juu ya mifuko ya hewa, inayojazwa na kompresa. Mwombe muuzaji gari ilale mahali palipo sawa. Jioni pima kwa futi ya kamba kutoka katikati ya kila gurudumu mpaka ukingo wa bodi ulio juu yake. Asubuhi pima tena. Pembe iliyoshuka inavuja. Uvujaji mdogo huichosha kompresa kwa kuifanyisha kazi daima, mpaka nayo ikafa. Kisha amuru gari ipandishwe na kushushwa, utazame kama pembe zote zaitikia.

La nne ni breki ya mkono. Hii huvutwa kwa mota ya umeme, na matope na vumbi huiudhi sana. Ikilia kwa ukali wakati wa kufunga, yataka matengenezo. Ama uzito wa gari hii, ambao ni karibu kilo 2,500, huzichosha bushi za mikono ya chini ya magurudumu ya mbele. Dalili zake ni mgongo wa chini kwa chini, usukani kutetema ukifunga breki, na tairi kulika upande wa ndani. Haya si ya kupuuzwa, kwani watakaopanda gari hiyo ni wake zetu na watoto wetu.

La tano ni gia. Wengi wameambiwa kwamba oili ya giaboksi hii haibadilishwi maisha. Lakini ZF, ambao ndio waliobuni giaboksi hiyo, washauri ibadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000. Iendeshe polepole kwa mguu mwepesi. Ikitetemeka au kupiga kishindo katika kubadili gia, uliza kwa nini.

La sita ni maji. Gari yenye dirisha la paa ina vijinjia vya kutolea maji ya mvua. Vikiziba, maji huingia chini ya zulia na kuharibu nyaya. Inua zulia, shika kwa mkono, nusa.

Baada ya hayo yote, mlete fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, pamoja na kompyuta ya kusomea makosa ya gari. Asome, kisha mwendeshe kilomita 30 au 40, asome tena. Makosa yaliyofutwa jana aghalabu hurejea baada ya mwendo.

Na wewe uliye muuzaji, ukiijua aibu ya gari yako, itaje. Fedha iliyopatikana kwa kuficha aibu haina baraka nyumbani.

Mwisho, kaa na mkeo mpige hesabu kabla ya kutoa hata senti moja. Yapaswa ibakie, baada ya kulipa bei, akiba isiyopungua thuluthi ya bei hiyo kwa ajili ya mikanda, mifuko ya hewa na bushi. Ikiwa haitabakia, gari hiyo si yenu kwa mwaka huu. Nunueni iliyo ndogo, mwende nayo kwa amani, na watoto wasome.