Usibomoe paa la nyumba ya zamani kabla ya kugonga mbao zake

Umerithi nyumba ya babu kule Kibosho au Machame, au umenunua nyumba ya kizamani mjini Moshi. Fundi anapanda darini, anashuka na jibu moja: "Toa mbao zote, zimeoza." Kabla hujatoa hela, subiri kwanza.

Moshi ilifikiwa na reli kutoka Tanga mwaka 1911, na majengo yake ya zamani yamekula mvua nyingi. Lakini mbao kuwa nyeusi si lazima ziwe zimeoza. Mkulo, mti wa misitu ya Kilimanjaro, unasifika kwa kustahimili kuvu na wadudu. Ukiutoa ukiwa mzima na kuweka mbao laini mbichi, umelipia hasara.

Jinsi ya kukagua bila kubomoa:

1. Anza na ncha. Mbao huoza zaidi pale zinapoingia ukutani na chini ya bati linalovuja, kwa sababu hapo maji hukaa. Katikati panaweza kuwa pazima kabisa.

2. Tafuta dalili. Vinjia vya udongo ukutani ni mchwa. Unga laini chini ya vitundu vidogo ni wadudu wanaotoboa mbao. Kenchi iliyopinda ni onyo kubwa.

3. Gonga kwa nyundo ndogo. Ubao mzima hulia kwa ukali. Ulioliwa ndani hutoa mlio mzito, kama boksi tupu.

4. Bonyeza kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, hapo pameoza. Rangi mpya isikudanganye, maana mchwa hula ndani na kuacha ganda la nje.

5. Pima unyevu. Kuna kifaa kidogo chenye pini mbili. Kikisoma chini ya asilimia 20, kuvu haina nafasi. Kikisoma zaidi, tafuta maji yanaingilia wapi kabla ya kubadilisha ubao wowote.

Kwa jengo kubwa kama kanisa au shule, ita mhandisi. Wapo wanaotumia mawimbi ya sauti, ambayo hupita polepole kwenye ubao uliooza. Wengine hutumia sindano ya kutoboa, yenye ncha ya kama milimita 3. Inapokutana na uozo inapita bila kukazwa, na mashine inachora hilo kwenye grafu.

Usipuuze jengo la zamani. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la mwaka 1883, iliporomoka likiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafariki.

Kwa hiyo kagua kabla ya masika. Ukiwa darini kanyaga juu ya mbao, si kwenye silingi bodi. Weka alama ya chaki kila palipooza, kisha mwambie fundi abadilishe hapo tu. Ukikuta kenchi imepinda au ncha yake imelika, hamisha watu chumba hicho leo, mengine baadaye.