Tango ya ba Wendo: mwimbaji aliyegeuzwa zamani akarudi jukwaani

Wasemaji wa Lingala wakitaka kutaja zamani za mbali, enzi za wazazi na babu zao, wana msemo wao: tango ya ba Wendo. Tango ni wakati. Wendo ni mtu, Antoine Wendo Kolosoy, mwimbaji aliyezaliwa Mushie tarehe 25 Aprili 1925 na kufariki Kinshasa tarehe 28 Julai 2008. Msemo huo haukungoja kifo chake. Ulikuwa midomoni mwa watu wakati mwenye jina bado anaishi na kula chakula chake, na ulikuwapo pia alipopanda tena jukwaani akiwa amepita miaka 70. Sisi wa isimu tunafundishwa kwamba majina ya watu hugeuka kuwa maneno ya kawaida. Mara chache tunapata mtu ambaye jina lake limekwisha kugeuka kuwa “zamani”, kisha yeye mwenyewe anatokea na gita nyuma yake. Kisa hiki nitakieleza kwa njia ya maneno, maana ndiyo kazi tunayojifunza katika kitivo chetu.

Tuanze na hiyo ba-. Jina la mtu halina wingi, na ba Wendo si Wendo wawili au watatu. Ni Wendo pamoja na wale wa kundi lake: Henri Bowane, Léon Bukasa, Adou Elenga, Manuel d’Oliveira na wengine waliorekodi Léopoldville katika miaka ya 1940 na 1950. Kiswahili sanifu kina akina kwa kazi hiyo: akina Wendo. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinaelewa ba Fulani moja kwa moja, kwa sababu ba- ndiyo wingi wetu wa watu wa kila siku. Tazama basi kilichotokea. Mtu mmoja amewekwa mbele ya wenzake wote, kisha wote kwa pamoja wakawekwa nyuma ya neno “wakati”. Ni heshima kubwa, lakini ni heshima ambayo kwa kawaida hupewa marehemu.

Jina lenyewe lina historia. Alizaliwa Kalosoyi, na baadaye likawa Kolosoy. Wendo lilitoka kwa marafiki waliomwita Windsor, kwa kumkumbuka Duke wa Windsor, yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti chake mwaka 1936. Lingala haipendi silabi inayofungwa na konsonanti, wala haiwezi kubeba n, d na s zikifuatana. Iliacha nd, ambayo ni sauti yake ya asili, ikachomeka irabu, ikapata Wendosor. Halafu mkia ukakatwa, likabaki Wendo. Ni njia ileile iliyotupa kilabu na daktari. Sijui marafiki hao walifikiri nini walipochagua jina la mtu aliyeshuka kitini na asirudi tena.

Maisha yake kabla ya umaarufu yalikuwa ya mto. Aliachwa yatima akiwa mdogo, akalelewa na mapadre, wakamfukuza kwa sababu hawakupenda maneno ya nyimbo zake. Alifanya kazi kwenye meli za mto Kongo na alipigana ndondi. Mwaka 1948, kwa Ngoma, nyumba ya sahani ya Mgiriki Nico Jéronimidis, yeye na mpiga gita Henri Bowane walitoa “Marie-Louise”. Wimbo huo ulienea kiasi kwamba watu walisema ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu. Kanisa lilikasirika, na wakoloni wakamfunga kwa muda huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Katika miaka ya 1950 aliunda kikundi cha watatu kilichoitwa BOW: Bukasa, Oliveira, Wendo.

Kisha akanyamaza. Katika miaka ya 1960, baada ya kuuawa kwa Lumumba ambaye alikuwa karibu naye, aliacha muziki wa jukwaani. Mwenyewe alieleza sababu baadaye: wanasiasa walitaka wanamuziki wawaimbie sifa, naye hakutaka kuwa ngazi ya mtu, akaona heri akae nyumbani. Alikaa nyumbani zaidi ya miaka 30. Hapo ndipo msemo ulipokomaa. Franco, Tabu Ley, Zaïko na vijana waliowafuata walijaza redio, na kizazi kizima cha Kinshasa kikakua kikijua “tango ya ba Wendo” bila kujua kwamba Wendo anapita barabarani kwa miguu yake.

Mwaka 1993 ilitoka sahani yake yenye jina ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: “Nani akolela Wendo?” Wasomaji wenzangu wasiojua Lingala wataona kwamba nusu ya sentensi wanaijua tayari. Nani ni nani. A- ni kiambishi cha nafsi ya tatu, kama chetu. -ko- hapa inatuonyesha jambo litakalokuja, kazi inayofanywa na -ta- kwetu. Mzizi ni -lel-, kulia, kuomboleza. Nani atamlilia Wendo?

Hapa naomba niingie kidogo jikoni kwa isimu linganishi. Mzizi wa Kibantu asilia unaokisiwa ni *-dɪd-. Kiluba kina kudila, Kibemba kina -lila, Lingala ina kolela, Kiswahili kina kulia. Tofauti yetu na wengine ni moja: konsonanti ya pili imeanguka. Lila ikawa lia. Sauti hiyo ya l katikati ya mizizi Kiswahili kimeipoteza mahali pengi, lakini haikufa kabisa. Weka kitenzi katika kauli ya kutendea, useme unamlia mtu fulani, na kitenzi kinakataa: ni lazima useme unamlilia. Hiyo l imetoka wapi? Ni ileile ya zamani, ilikuwa imejificha, na kauli ya kutendea imeiita. Msemaji wa Kiswahili haihesabu kama kitu cha kale. Anaitumia tu kila anapomlilia mtu. Kwa hiyo swali la Wendo, likitafsiriwa vizuri, linairudisha sauti iliyopotea, na hilo halikupangwa na yeyote.

Kuna jambo jingine. Sikio la mtu wa Kiswahili likisikia akolela haraka, linaweza kudhani ni kitenzi kulea, hasa kwa sababu ya kulelewa, ambapo l ya pili inasikika. Nani atamlea Wendo? Kisarufi ni kosa, na mwalimu atalikata kwa kalamu nyekundu. Lakini kwa hali ya mwaka 1993, kwa mzee aliyeimba nyimbo ambazo nchi nzima ilicheza, nadhani swali hilo la kosa lilikuwa la haraka kuliko lile la kweli. Kilio kwetu hakikosekani. Matanga ya mwanamuziki hujaa watu, maua na hotuba. Shida ni miaka ile kabla ya matanga.

Jibu, au nusu ya jibu, lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Tarehe 17 Mei 1997 askari wa AFDL waliingia Kinshasa, wengi wao wakizungumza Kiswahili, na Laurent-Désiré Kabila akashika nchi. Watu wa Kinshasa waliozoea Lingala kuwa lugha ya amri walisikia amri katika lugha ya mashariki. Kwetu Katanga ilikuwa kinyume chake kwa miaka mingi: Lingala tuliijua kwanza kwa njia mbili, askari na nyimbo, na nyimbo ndizo zilizotufanya tusiichukie. Basi ilikuwa chini ya serikali hiyo mpya ya Waswahili kwamba mzee wa nyimbo za Lingala alipata msaada wa kurudi jukwaani. Mtu aliyeacha muziki asitumiwe na wanasiasa alirudishwa kwa mkono wa wanasiasa. Simlaumu. Naona tu kwamba mwanamuziki mzee asiye na mapato ya haki za nyimbo zake hana nafasi kubwa ya kuchagua mlango wa kuingilia.

Majira nayo yalisaidia. Mwaka uleule wa 1997 ilitoka sahani ya Buena Vista Social Club, iliyorekodiwa Havana na wazee wa Kuba ambao wengi walidhaniwa wamekwisha, na ghafla watu wa Ulaya wakataka kusikia wazee. Rumba yetu na son ya Kuba ni ndugu, kwa hiyo masikio yalikuwa yameandaliwa. Wendo alirekodi upya nyimbo zake, akaimba Afrika na Ulaya, na Jacques Sarasin akamtengenezea filamu, “On the Rumba River”.

Okestra aliyosimama nayo katika miaka hiyo iliitwa Victoria Bakolo Miziki. Bakolo miziki hutafsiriwa wakubwa wa muziki, wengine husema wenye muziki. Neno hilo nalo lina ndugu kwetu. Mzizi *-kʊdʊ, mkubwa kwa umri, umetoa -kulu katika Kiluba na Kibemba, na -kolo katika Lingala. Kiswahili kimedondosha l tena, kimebaki na -kuu: mkuu, wakuu, barabara kuu. Kimefanya na jambo moja ambalo sikuliona mahali pengine: kimeurudia mzizi huohuo mara mbili, kikapata kuukuu. Nguo kuukuu, gari kuukuu. Kitu kilichochakaa. Umri uleule unampa mtu ukuu na unakipa kitu uchakavu, na lugha imeona hakuna haja ya mizizi miwili. Mwimbaji anayerudi baada ya miaka 30 anasimama katikati ya maneno haya mawili, na waliolipa kiingilio ndio wanaoamua watasema lipi.

Jina la heshima pia lilibadilika. Kijana wa “Marie-Louise” alikuwa Wendo tu. Aliyerudi ni Papa Wendo, kama sisi tunavyosema Muzee. Papa ni neno la ukoo, na neno la ukoo huleta wajibu: baba huulizwa habari, hulishwa, hasahihishwi mbele ya watu. Kwa hiyo sauti yake ilipokuwa nzito, au pumzi ilipokatika, watu hawakuisikiliza kama wangeisikiliza sauti ya kijana wa miaka 25.

Na sauti yenyewe? Wendo alijulikana kwa kuruka ghafla kutoka sauti ya kifuani hadi sauti nyembamba ya kichwani, na kurudi, kama wachunga ng’ombe wa milima ya Ulaya wanavyoitana. Hili lina maana kwa mwanafunzi wa toni. Katika Lingala, toni hutenganisha maneno: kokoma ni kuandika, kokóma ni kufika, moto ni mtu, motó ni kichwa. Mwimbaji hawezi kurusha sauti juu na chini popote apendapo bila kuyumbisha maana. Ndiyo maana, nadhani, miruko hiyo hukaa vizuri zaidi penye silabi zisizo na maana. Hapo hakuna neno la kuharibu. Na hapo hakuna neno la kutafsiri pia. Msikilizaji wa Ufaransa asiyejua Lingala, na kijana wa Lubumbashi anayeimba nyimbo za Kinshasa zote kwa moyo lakini hawezi kununua mkate kwa Lingala, wote wawili wanapata pale kila kitu ambacho msemaji wa Lingala anapata. Mimi ni mmoja wa vijana hao, kwa hiyo najua ninachokisema.

Sehemu nyingine za wimbo si hivyo. Lingala ya miaka ya 1940 iliyoimbwa na ba Wendo si ile ya vijana wa Kinshasa wa leo. Mzee anayerudi jukwaani huleta pamoja na sauti yake namna ya kusema ambayo wasikilizaji wamekwisha kuiacha, na kwa saa mbili wanaisikia ikisemwa na mtu aliye hai, si na sahani inayokwaruza. Kwa mtafiti wa lugha hiyo ni hazina. Maktaba zetu zina sarufi za Lingala zilizoandikwa na mapadre, msemaji wa mtaani wa wakati ule, anayeweza kuulizwa “mlikuwa mnasemaje?”, ni nadra. Miaka kumi hivi mlango ulikuwa wazi.

Mwezi wa Disemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, kwa ombi la nchi zote mbili za Kongo, katika orodha ya urithi wa binadamu. Wendo alikuwa amefariki miaka 13 kabla.

Nimejaribu kukitafsiri kichwa cha sahani yake kwa ajili ya ukurasa huu. Sanifu inataka “Nani atamlilia Wendo?” Kwetu ni “Nani atamulilia Wendo?”, na -mu- yetu nzima ambayo waandishi wa vitabu huikata irabu. Nimeichagua hii ya pili. Ina irabu moja zaidi, na ukiijaribu kwa mdomo juu ya gita la rumba utaona inakaa mahali pake.